Mmarekani wa Makambako Bado Ana Mitihani

Kamwene, dada Eliza,

Hapa Makambako upepo haunipi nafasi hata ya kushika kalamu. Lori la Iringa linatengenezwa tairi, nami nakula viazi vya kuchoma bila chumvi.

Nikwambie kweli, nilikuwa nimeshaamua kurudi Njombe. Mtihani wa kuingia sekondari, darasa la tisa, ni keshokutwa huko Iringa, na lile jaribio la hesabu la shuleni nilianguka. Baba sikumwambia.

Sasa, kando ya barabara yupo Mmarekani mwenye ndevu anayechimba udongo. Anasomea udaktari, ila wa uhandisi, si wa kutibu watu. Vibarua wake wakanisukuma nimtafsirie.

“Muulize, binti, na ndevu zote hizo shule ataimaliza lini?”

Nikauliza huku natazama chini. Akasema bado ana masomo manne ya darasani, mawili ya hesabu. Asipoyafaulu, chuo hakitapokea utafiti wake wa udongo.

Nilipowaambia, wakacheka. “Pole, mwanafunzi!”

Halafu Mmarekani akaniambia taratibu kwamba somo moja la hesabu lilimshinda, analirudia. Hilo sikuwatafsiria, dada. Nililificha kama la kwangu.

Lori limewashwa. Sanduku langu limeshapakiwa, nami napanda.

Ujifunike vizuri na baridi hiyo, na uniombee. Najua kadi hii ya posta haina bahasha. Baba akiishika kwanza, basi na aisome.

Mdogo wako akupendaye,
Neema