Kilio cha Malkia

Kasri la Sparta,
siku ya nne tangu mwezi uandame

Kwa dada yangu Mnasia,

Shikamoo, dada. Natumaini vibao hivi vya nta vitakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi cha majira ya baridi kimekuachia. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto ninapopanda ngazi. Mwanangu Rodeia ni mzima pia. Hajui kwamba nakuandikia.

Barua yako niliipata juzi. Umeniambia kwamba mpiga mbiu alisimama sokoni kwenu Pilo akasimulia jinsi malkia wetu alivyoburutwa hadi merikebuni huku akimwita mumewe kwa jina, na kwamba Telon alirudi nyumbani akilia, akateremsha ukutani mkuki wa marehemu baba yake. Ulimwambia, “Miaka kumi na saba, kidevu laini kama goti la mtoto, unakwenda kumtisha nani?” Naye akakujibu kwamba ukimficha atapanda merikebu ya kijiji kingine. Unaniuliza, kwa kuwa mimi ndiye mpiga mbiu wa kasri hili na nilikuwepo, kama ni lazima mwanao aende vitani. Nitakueleza niliyoyaona, kwa mpangilio wake.

Mgeni alikuja masika akiwa na merikebu. Kama ilivyo desturi, hakuna aliyemuuliza jina mpaka alipooga na kushiba. Ndipo akasema yeye ni mwana wa mfalme wa Troya. Alikuwa amejipaka mafuta kichwa kizima, na walinzi wa lango walikuwa wakinong'onezana, “Mfunikeni bwana huyu, jua litamyeyusha.” Mfalme wetu alimkatia nyama kutoka sehemu yake mwenyewe. Siku ya kumi zikaja habari kwamba babu yake mfalme amefariki Krete. Akaondoka kwenda kuzika, na mbele yetu sote akamwagiza mkewe kwamba wageni wasipungukiwe na kitu.

Walipendana, dada. Mezani malkia alimwondoa mtumishi wa divai akawa anammiminia mgeni kwa mkono wake. Rodeia, ambaye kazi yake ilikuwa kumsuka nywele, aliniambia kwamba bibi yake sasa anaimba asubuhi, jambo ambalo hajawahi kulisikia tangu aanze kumtumikia. Nilimwambia afunge mdomo. Siku ya tano baada ya mfalme kusafiri, malkia na mgeni hawakuwepo tena.

Mfalme aliporudi alikaa siku tatu bila kusema neno. Aliyekuja kuuliza maswali ni kaka yake, mfalme wa Mikene. Unakumbuka kwamba malkia alipokuwa akiposwa, waposaji wote walisimama juu ya vipande vya farasi aliyechinjwa, wakaapa kwamba mtu akimnyang'anya mume mke huyo kwa nguvu, wote watamwendea na silaha. Kwa nguvu. Maneno hayo niliyatamka mimi siku ile, wao wakayarudia. Mke akiondoka kwa hiari yake, hiyo ni aibu ya nyumba moja, na hakuna mfalme atakayeacha mavuno yake kwa ajili ya aibu ya mwenzake. Kwa hiyo bwana wa Mikene alihitaji shahidi. Alinisimamisha madhabahuni juu ya nyama ya nguruwe dume, pale mtu anapoapa kwa uhai wake, akaniuliza, “Dexamas, shemeji yangu alichukuliwa au aliondoka?”

Sasa soma polepole, dada.

Aliondoka. Ilikuwa mchana, kupitia lango kubwa. Alipanda gari mwenyewe, akamwambia mwendeshaji, “Unangoja nini wewe, nyumbu wazeeke?” Bintiye wa miaka tisa alikuwa amesimama kwenye ngazi, hakugeuka kumtazama. Sanduku la nguo zake lilibebwa na Rodeia, kwa kuwa aliamriwa. Na wewe unajua kwamba mtumishi anayemsaidia mke wa mfalme kutoroka hutupwa katika korongo la Taigeto. Pale madhabahuni nilimwona Rodeia kati ya wajakazi, ananitazama.

Nikaapa kwamba malkia alichukuliwa akiwa amefungwa mikono. Walinzi waliunga mkono mara moja. Nao wana shingo, maana lango walilifungua wao. Ndipo mfalme akafungua mdomo kwa mara ya kwanza, akaniuliza kama mkewe alisema chochote. Nilimwonea huruma. Nikasema, “Alikuwa analia, bwana wangu, anakuita wewe kwa jina.” Hilo sikulazimishwa na mtu. Mfalme alilia mbele yetu, na siku hiyohiyo wapiga mbiu wakatumwa kila upande na maneno yangu. Ndiyo aliyoyasikia Telon.

Nimejaribu kumtoa Rodeia humu. Wajakazi wa vyumba vya ndani hawaruhusiwi kutoka. Wanamlea mtoto wa malkia chini ya ulinzi. Nikikana kiapo changu, atakufa kabla ya jioni, na mimi pamoja naye, ingawa mimi si hoja. Nikinyamaza, mwanao anakwenda Troya, na kati ya vijana watakaokwenda sijui ni wangapi watakaorudi.

Merikebu za Pilo zinaondoka mwezi ukiwa mpevu. Mchuuzi wa chumvi anayekuletea vibao hivi hutumia siku mbili njiani, kwa hiyo utakuwa na siku nane. Mwana wa mfalme wenu alikuwa mmoja wa waposaji, na mfalme wenu ni mtu asiyevumilia kiapo kilichopindishwa. Chini nimepiga muhuri wangu. Ukimpelekea vibao hivi, atajua kwamba hakuna anayefungwa na kiapo kile, naye atawaambia wengine. Ukiviweka karibu na moto, nta itayeyuka na hakuna atakayejua.

Mama yake Rodeia alipofariki wewe ndiye uliyemnyonyesha, titi moja yeye, la pili Telon. Nimekesha na jambo hili nikashindwa. Nilichagua mara moja, umeona nilichokifanya. Sasa chagua wewe. Utakaloamua sitakulaumu, wala sitakuuliza.

Mpe Telon salamu za mjomba wake. Wasalimie na wanawake wa kisimani, na yeyote anayeniulizia.

Ni mimi mdogo wako,
Dexamas