Nguzo ya goli kwenye shimo la gofu

Fundi, uko wapi?

Unaukumbuka uwanja wa netiboli aliofundishia marehemu mke wangu, ule mwenyekiti wa klabu aliougeuza nyasi za gofu. Leo kafanya hapo hapo mashindano ya kusukumia vipira shimoni. Eti hisani. Eti anachangisha fedha ili mabinti wajengewe uwanja wa netiboli.

Hapo hapo, fundi. Juu ya uwanja wao.

Akanipa fimbo ya gofu mbele za watu. "Shemeji, tufungulie, kwa heshima ya dada yetu."

Shemeji. Leo ndiyo amekuwa dada yake. Mke wangu alipokwenda kumlilia asiuchukue uwanja, hakumpa hata kiti akae, na ugonjwa ule.

Nikasema sawa, ngoja nilete fimbo yangu. Nikashusha mkokotenini ile nguzo ya goli waliyoitupa jalalani, niliyoificha uani miaka yote, leo nimekuja nayo. Nikang'oa kibendera chao, nikaichomeka shimoni, nikaigonga kwa nyundo mpaka ikasimama.

"Mzee, unaharibu nyasi."

Nikamwambia, "Mwenyekiti, nyasi ndizo zilizoharibu."

Mara nahodha wa mabinti akavua viatu, akarusha mpira wa netiboli. Ukaingia kwenye pete. Wageni wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya sherehe. Mwenyekiti naye ikabidi apige. Alipiga makofi, fundi, nimemwona kwa macho yangu.

Nakuandikia kwa mkono mmoja, wa pili umeishika nguzo. Lete mfuko wa saruji kabla wageni hawajaondoka.