Simu Imeshika Mtandao, Kaka

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba ule mgongo uliokusumbua kwa kubeba mafurushi ya mashuka ya hospitali umepata nafuu. Sisi huku hatujambo. Baba ana kikohozi cha vumbi la mbao, kilekile cha miaka yote, na ukimwambia ajifunge kitambaa puani anasema mbao hazijamuua tangu ujana, hazitaanza leo. Mimi nashona kama kawaida. Msimu huu ni wa sare za shule, na vidole vyangu ni kama vya mtu aliyegombana na nungunungu.

Utashangaa kupata barua ya mkono zama hizi. Mwenzako wa kazini anamaliza likizo na kuondoka Ijumaa, amekubali kuibeba. Halafu nililonalo halienei kwenye ujumbe mfupi. Nakuomba uisome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Nianze na simu uliyomtumia Baba. Nilikuandikia kwamba haishiki mtandao wa huku, nawe ukajibu kwamba utatafuta nyingine. Usitafute. Simu inashika, kaka. Imeshika tangu siku ya kwanza.

Mwenzako aliileta karakana, akampa Baba mkononi, akamwambia imetoka kwa mwanawe. Baba alifuta mikono kwenye suruali, akaipokea kama anayepokea yai, akaiweka rafu ya juu pamoja na makopo ya gundi. Unajua mwenyewe: uliondoka bila kumuaga wiki ileile aliyopaka kibao cha karakana maneno "na Mwanawe", na tangu hapo hutajwi kule. Nikadhani simu itazeekea rafuni. Kumbe asubuhi yake, hata chai hajanywa, aliniambia niipeleke kwa fundi aangalie kama simu ya ugenini inafanya kazi huku, maana watu huletewa vitu vya nje vikaishia kuwa mapambo ya kabati.

Nilikwenda kwa fundi wa nyuma ya soko, yule tunayemwita Daktari kwa sababu ya koti lake jeupe na tabia yake ya kukuuliza simu imeanza kuumwa lini. Nikamwambia hii haiumwi, ni mgeni tu. Akabonyeza nyota, reli, sifuri, sita, reli, zikatokea namba kumi na tano. Akazinakili, akahakikisha kwamba si simu ya wizi. Kisha akatafuta namba ya toleo. Alinieleza kwamba simu mbili za jina moja zinaweza kuwa tofauti tumboni, kwa kuwa kila nchi ina masafa yake ya mtandao. Ni kama redio, alisema. Kama haifiki kwenye kituo unachokitaka, utazungusha kitufe mpaka uote mvi. Tena zipo zinazofungwa na kampuni iliyoziuza, zikawa hazikubali laini ya mwingine.

Akaweka laini ya kwanza. Tukasubiri. Ikaandika hakuna huduma. Kaka, nilishukuru moyoni. Akaweka ya pili. Kupiga ikapiga, lakini intaneti ikawa inajikokota. Nikasema basi, nimeelewa, nirudishie nikawahi kazini. Daktari akanitazama juu ya miwani, akasema miaka yote hajaona mteja mwenye haraka ya kupata habari mbaya. Akaweka laini ya tatu, ya kampuni anayotumia Baba, na vijiti vyote vya mtandao vikasimama. Ili kuhakikisha akampigia mkewe kwa video. Nikamwona mama wa watu anamenya vitunguu, picha safi mpaka machozi yake nikayahesabu.

Nikarudi, nikamwambia Baba haishiki. Nawe nikakuandikia hivyohivyo. Baba akasema sawa, akaendelea kupiga randa.

Siku tatu baadaye nilimpelekea chakula cha mchana, nikamkuta amesimama juu ya benchi la kazi. Mzee wa miaka sabini, mkono mmoja umeshika fremu ya dirisha, mwingine umeinua simu nje. Aliponiona aliona haya. Akasema alikuwa anajaribu tu, pengine pale juu mtandao unafika. Na ndani ya simu ile hata laini haikuwemo. Nilimshika mkono akashuka, nikakaa juu ya mbao, nikalia.

Sasa nakuungamia, kaka. Kila ujumbe uliotoka kwenye simu ya Baba kwa miaka hii minne, niliuandika mimi.

Ulipoandika mara ya kwanza kwamba umefika salama na unaomba radhi, nilimsomea Baba kwa kuwa herufi ndogo zimemshinda. Akaniambia nizime. Nilingoja siku tatu. Nikakuona akilini, umekaa katika chumba cha watu usiowajua, unakodolea simu macho. Ndipo nikaandika: "Nimekusikia, mwanangu. Kula vizuri." Nilikusudia iwe mara moja tu. Wewe ukajibu kwamba umelia, na kwamba sasa unaweza kulala. Ningeachaje? Pongezi za kupandishwa kazi, dua za kila mwaka mpya, hata lile neno kwamba nyumba bado ni yako, yote yalikuwa yangu. Na masikio ya Baba hayana kasoro. Nilikudanganya kwamba hasikii kwenye simu ili usipige. Wewe kwa huruma zako ukanunua simu ya kumwona uso. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu niliiona ikiishia kwenye kioo kile.

Siku ile, nikiwa nimekaa juu ya mbao, nilimwambia Baba yote. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alichukua shati lake akatoka. Siku mbili hatukusemezana zaidi ya salamu. Siku ya tatu, Jumapili mchana, alibeba kigoda chake mpaka kwenye cherehani yangu, akaniambia nisome. Nikamuuliza nisome nini. Akasema yote, uliyoandika wewe na niliyojibu mimi kwa jina lake.

Tulisoma mpaka jua likapungua ukali. Palipotajwa mgongo wako aliuliza furushi moja lina uzito gani. Tulipofika ulipoeleza kwamba umemtengenezea mwenye nyumba wako kitanda kwa mikono yako, alinirudisha mara mbili, akataka kujua pembe umeziunganisha vipi. Hilo hukuliandika. Nilipomaliza, akasema: "Maneno haya si yangu. Lakini nimeyasikiliza moja moja, na hakuna ninalolifuta."

Akaongeza: "Mwandikie ajue kwanza. Sitaki kumtazama mwanangu usoni kwa uongo."

Basi ndiyo maana nimeandika. Mimi nakuomba radhi, kaka. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie mimi, yeye mwache. Jumapili ya wiki ijayo, saa kumi alasiri ya huku, Baba atakupigia. Laini ameiweka mwenyewe, na tangu hapo anafanya mazoezi ya kushika simu. Ukiona paji la uso na dari tu, vumilia, atazoea.

Msalimie mwenye nyumba wako. Daktari naye anakusalimu, ingawa hamjuani. Anasema umechagua simu nzuri.

Ukipigiwa usinitafute kwenye picha. Nitakuwa nje, na mlango nitaufunga. Safari hii atasema mwenyewe.

Ndimi mdogo wako akupendaye,
Kijiti