Nimempeleka Dada Linh Tena

Mama, shikamoo. Chai ipo kwenye chupa. Ya kaka Rogath usitie sukari.

Naenda zahanati na Dada Linh, mpangaji wetu Mvietnamu. ~~Naomba ruhusa.~~ Ukiamka nitakuwa nishaondoka.

Jana nesi alimuuliza, "Dada, habari ya tumbo?" Akajibu, "Nzuri tu!" huku kajikunja. Si mimi niliyemfundisha kwamba Bongo ukiulizwa habari unajibu nzuri? Nesi akasema, "Basi rudi nyumbani, mrembo," akampa panadol. Mimi nimekaa pembeni, naangalia viatu, aibu imenibana. Usiku kucha namsikia analia chumbani kwake.

Leo nasema mimi. Hata wakiniita kiherehere, hatutoki mpaka daktari ampime tumbo. Mwalimu akipiga simu, mwambie sijatoroka shule.

Mwanao Fortunata, yule unayemsema hana mdomo.