Nimebakisha Saba

Pangani,
5 Juni 2024

Kwa mwanangu Nasri,

Assalaam alaykum. Hujambo baba? Mkeo na watoto hawajambo? Kifua chako kimepoa? Mimi hapa mzima, ni goti tu linanisumbua nikipanda ngazi. Mengine namshukuru Mola.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Salio langu huisha tukiwa bado kwenye salamu, nawe wajijua ulivyo mwepesi wa kukata. Habari hii nataka uishike mkononi. Shule niliishia la nne, lakini mwalimu wetu alikuwa akiwaita wenzangu waje waone hati yangu.

Haya, tulia usome. Imekuja barua ya serikali, bahasha ya kaki ina mhuri, kaileta mtendaji mwenyewe kwa miguu yake. Imeundwa kamati ya kupitia upya nishani walizopewa wanajeshi wetu waliokwenda misheni za kulinda amani, na jina la ndugu yako Badru limo. Wa tatu katika orodha! Wanataka nishani ipelekwe Tanga tarehe 27 Agosti na mashahidi waseme. Mimi nimeshaelewa. Miaka kumi imepita, wamegundua walimpa ndogo, sasa wanataka kumpandisha. Marehemu mwanangu, peke yake na bunduki yake, kazuia waasi sita wasivuke mto, kambi nzima imelala! Nilisema tangu mwanzo ile nishani ni ndogo. Nani alinisikiliza?

Mtaa mzima nimeshauambia. Buibui jipya liko kwa fundi. Siku ya Mashujaa mwezi ujao nitakaa kiti changu cha mbele kama kila mwaka, nishani kifuani, na safari hii wale waliozoea kunitazama kwa pembe ya jicho watanitazama kwa macho mawili.

Shahidi ni wewe, ulikuwa naye huko misheni. Pasi shati lako, uende ukawaambie yote bila kuficha kitu.

Barua anakuletea dada yako Zuwena, anakuja huko kuchukua bidhaa zake. Majibu mpe yeye.

Mama yako,
Kijakazi


Usagara, Tanga,
12 Juni 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Sisi hatujambo, kifua kimepoa. Pole na goti.

Barua yako nimekaa nayo siku tano. Nimeanza kujibu mara nyingi nikachana. Bora niseme moja kwa moja.

Kamati ile haimpandishi mtu. Imeundwa kuangalia nishani zilizotolewa kwa jambo ambalo halikutokea hivyo. Na jina la Badru halikufika kwao lenyewe. Nimelipeleka mimi.

Wale sita hawakuwa waasi. Ilikuwa asubuhi, ukungu umelala juu ya mto. Mtumbwi ukatokea. Tukaona vitu virefu vimefungwa mafungu mafungu. Badru aliwapigia kelele wasimame, hawakuijua lugha yetu. Akafyatua. Mimi ndiye niliyeingia majini kuuvuta ule mtumbwi. Ilikuwa miwa, mama. Wanawake watatu, wazee wawili na msichana, wanapeleka miwa sokoni. Hapakuwa na bunduki hata moja.

Mkubwa wetu akaandika kwamba walikuwa waasi, akatuita tutie sahihi. Nikatia. Badru alikwenda kutapika, akarudi, naye akatia. Miezi minne baadaye akavishwa nishani.

Sisemi Badru alikuwa mtu mbaya. Alikosea, na kosa lake likafungwa utepe. Sasa kuna binti wa mmoja wa wale wanawake ameandika barua, imezunguka hadi ikanifikia. Anauliza kwa nini mama yake ameandikwa muasi. Sikuweza kunyamaza tena.

Nisamehe.

Mwanao wa ziwa,
Nasri


Pangani,
20 Juni 2024

Nasri,

Salamu nakupa kwa kuwa dini inanilazimisha. Mimi mzima. Hali yako sikuulizi.

Barua yako nimeisoma nyama ya Idd ikiwa jikoni, ikaungua yote. Miwa! Mtu mzima, una ndevu, unaniandikia miwa.

Kwanza nikuulize. Ile sahihi si yako? Mkono uliosema waasi ndio huo huo leo unasema miwa. Niuamini lini, wakati ule au sasa? Na kwa nini ulingoja mwenzio aingie kaburini? Miaka mitano yuko chini ya udongo, hawezi kukujibu, ndiyo umepata ulimi. Alipokuwa hai mbona ulikuwa ukija hapa, unakula, unalala, unaondoka na nazi zangu?

Wivu huo. Tangu mdogo unao. Mama yako Mastura, Mungu amrehemu, alipokuzaa akaugua miezi mitano, nani alikuchukua? Badru alikuwa na wiki tatu. Nikampa yeye ziwa la kulia, wewe la kushoto. Mwenzio alikuwa akinyonya kwa adabu. Wewe uliniuma. Huna hata jino, uliniuma kwa ufizi! Nilipaswa kujua siku ile.

Unataka kumjua Badru? Mimi nikwambie Badru. Aliporudi misheni alifunga siku sitini mfululizo, hakuruka hata moja. Akapumzika, akafunga tena sitini. Mara nne alifanya hivyo. Hebu nitajie Pangani hii kijana mwingine. Nikimuuliza ni saumu gani, hunijibu, "Ya shukrani, mama." Na hapo ile ya kwanza kabisa siihesabu, maana niliikatisha mimi, siku ya sherehe ya nishani. Ulikuwepo, unakula mapaja ya kuku. Wageni wakubwa wamejaa, yeye kakaa na midomo mikavu. Nikamwambia saumu ya sunna haina shida kuivunja, waheshimu wageni. Nikafinyanga tonge la pilau, nikamtia kinywani kwa mkono wangu huu mbele ya watu wote. Vigelegele hivyo! Akameza. Kesho yake akaanza tena kutoka moja.

Na ile ya mwisho alifia ndani yake, siku ya kumi na moja, malaria imempanda kichwani, vidonge vya mchana kavikataa. Kafa na saumu. Muuaji hufa hivyo?

Waandikie kamati useme ulichanganyikiwa. Usipoandika, maziwa yangu uliyonyonya sikuhalalishii, duniani wala akhera.

Mama yake Badru


Usagara, Tanga,
3 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Najua hutaiitikia.

Kuhusu sahihi, una haki yote. Nimewaambia kamati vivyo hivyo, kwamba niliandika uongo na adhabu yake naipokea. Kuhusu kungoja, una haki pia. Niliogopa. Lakini barua ya kufuta sitaandika.

Kuna jambo katika barua yako nimelisoma nikarudia. Badru hakuwahi kuniambia. Mama, hakuna saumu ya shukrani ya siku sitini mfululizo. Sitini ambazo ukikosa moja unaanza upya ni kafara. Ni kafara ya aliyeua mtu bila kukusudia, na kila nafsi ina sitini zake. Usiniamini mimi. Muulize Mwalimu Sabiri hapo msikitini kwenu, bila kutaja jina la mtu.

Alimaliza nne. Ya tano akafa nayo. Watu walikuwa sita.

Siku ya sherehe nilikaa ubavuni mwake. Ulipokuwa unakuja na ile sahani, aliniinamia sikioni akasema, "Nimebakisha saba." Nilidhani anasema siku za likizo. Nikacheka, nikamwambia azile vizuri. Kisha ukamlisha, nami nikapiga makofi pamoja na wengine.

Mwanao wa ziwa,
Nasri


Pangani,
6 Julai 2024

Nasri,

Salamu hiyo, iokote.

Kwa Sabiri siendi, na wewe si mwalimu wangu. Mageti unayochomelea yenyewe hayafungi, leo unanitolea fatwa! Hata mkeo hakusikilizi, nikusikilize mimi?

Unataka kuniambia tonge langu lilimdhuru mwanangu. Ndicho unachotaka, eti? Nishani umeiona haitoshi, unataka na pilau langu. Nimempikia Badru miaka thelathini, hakuna siku chakula changu kilimdhuru.

Nishani haitoki ndani ya nyumba hii. Wakitaka waje na gari lao, nitawapokea na mwiko. Tarehe 25 nitakuwa kiti cha mbele, wote wanione.

Ziwa langu nimelirudisha. Usinijibu. Mimi si mama yako.

Kijakazi


Usagara, Tanga,
1 Agosti 2024

Mama Kijakazi,

Shikamoo. Umenikataza kujibu, nimejizuia wiki tatu na siku kadhaa. Utanisamehe, au hutanisamehe, vyote sawa.

Zuwena ameniambia kiti chako kilikuwa kitupu Siku ya Mashujaa. Ameniambia buibui bado liko kwa fundi, na kwamba umekonda na hutaki kumwambia unaumwa nini. Kama ni barua zangu zimekuuguza, naomba radhi kwa hilo, ila si kwa yaliyomo ndani yake.

Naandika kuomba kitu kimoja. Badru ana kafara mbili hazikutimia. Nimeuliza huku, nimeambiwa maiti hufungiwa saumu na jamaa yake. Mtu baki hawezi mpaka apewe idhini na jamaa huyo. Mimi si wa damu. Nilikuwa wa ziwa, na hilo umesema umelirudisha. Basi nakuomba kama mtu baki. Nipe idhini nimfungie.

Tarehe 27 nitakwenda kwenye kamati, unipe au uninyime. Sikununui kwa saumu.

Nasri


Pangani,
21 Agosti 2024

Nasri,

Waalaykum salaam. Shikamoo zako zote ninazo hapa, sikuzitupa. Marahaba, marahaba, marahaba. Kifua chako kiko vipi? Watoto wanasoma?

Usifurahi. Hasira yangu iko palepale na leo imeamka mapema kuliko mimi. Ulinyamaza miaka kumi. Ungeniambia siku ile ile, ningeliweka lile tonge kinywani mwangu mwenyewe. Hilo sijakusamehe, na sijui kama nitakusamehe.

Kwa Sabiri nilikwenda. Nilikwenda siku hiyo hiyo niliyokuandikia siendi, wino haujakauka. Nikamwambia namuulizia jirani. Akasema, "Bi Kijakazi, jirani yako huyo alishakuja kuuliza mwenyewe, mwaka ule aliorudi. Alinikataza nisikwambie." Nikatoka bila kuaga, viatu nikavisahau msikitini.

Njiani nikakumbuka miwa. Si unajua nyuma ya nyumba hii tulikuwa na miwa, mashina yake manene, watu wakija kuomba mbegu? Badru aliporudi misheni aliing'oa yote kwa siku moja. Nilimgombeza kutwa nzima. Nikamwita mvivu, nikamwambia jeshi limemfundisha kuharibu. Alikusanya, akachoma, akakaa kuangalia mpaka yote ikawa jivu. Jioni nikamletea futari, nikiendelea kumgombeza.

Nimefunga, Nasri. Nilianza tarehe nane Julai, mwezi ulipoandama. Leo ni ya arobaini na tano. Ndiyo maana nimekonda, siumwi. Zuwena usimwambie, atanililia. Siku ya Mashujaa nisingeweza kwenda. Pale hupikwa pilau, mimi ndiye huwekewa sahani ya kwanza, na kuna mwanamke mmoja lazima angenishika kidevu anilishe mbele ya watu. Naijua aina yake. Nilibaki nyumbani nimejifungia komeo, nasikia bendi kwa mbali.

Sijisifu, lakini wanawake wa rika langu hapa wakifika siku ya kumi wanatafuta daktari. Mimi hata goti limepona.

Nishani nimempa Zuwena, imo katika bahasha ile ile ya kaki. Niliing'arisha kwanza kwa majivu na ndimu, maana kitu cha mwanangu hakitoki kwangu kichafu. Tarehe 27 uiweke mezani pa kamati, lakini usiiachie mkono mpaka wakuandikie kwenye karatasi majina ya wale sita, yote, na la yule msichana. Karatasi hiyo uniletee. Siku arobaini na tano nafunga kwa ajili ya mtu, sijui hata nimwite nani. Na wakikuuliza imefikaje, waambie mama yake Badru ndiye aliyeileta. Kaileta, hakunyang'anywa. Ukisema vingine nitasikia.

Kisha mwandikie yule binti. Mwambie mama yake hakuwa muasi. Mwambie na aliyemuua alikuwa nani, kwamba alikuwa na mama, na kwamba mama yake hakujua.

Sasa idhini yako. Ziwa nilisema nimelirudisha. Umekwisha kulimeza, nitalirudishaje? Ya tano ni yangu. Ya sita nakupa wewe, kwa hati yangu mwenyewe, na Zuwena shahidi. Hesabu kwa kuchora ukutani, maana hesabu zako nazijua tangu la kwanza.

Ila nikuombe jambo. Ukiwa umebakisha saba, usije Pangani. Nitakuona umekonda, nitapika, nitakubembeleza, na nikishindwa nitafinyanga tonge. Najijua. Nikija mimi kwako siku hizo, nifungie mlango, uniache nipige kelele hapo nje mpaka magharibi.

Siku ya sitini njoo, jua likishazama. Chakula kitakuwa tayari.

Mama yenu,
Kijakazi