Kumpeleka Paskalina Kuona Bahari

Ijumaa, 3 Oktoba
Nimepaka mashine grisi, nimefunga turubai. Mavuno yamekwisha, likizo imetoka. Shamba zima la serikali hakuna dereva wa kuvuna ngano anayenifikia, hata fundi Mzungu anajua ila anaona aibu kusema. Darasa nimeishia la tano. Lakini Dar es Salaam nimefika mara mbili kuchukua vipuri. Wenzangu hapa Hanang wakifika Babati wanadhani wamefika Ulaya.

Mke wangu Paskalina bado yuko kijijini kwao Tumati, kwenye kibanda nyuma ya nyumba ya mama yake. Mtoto wetu alikufa kabla ya mavuno, akiwa ananyonya. Jina lake siliandiki. Kwa desturi yetu Wairaqw mama wa namna hiyo anajitenga. Hachoti maji na wenzake, hali kwenye chombo cha mtu, haoti moto wa mtu, havuki mto. Akivunja, mvua inakataa na watoto wa wengine wanaugua. Ndivyo wazee wanavyosema. Mimi nilijitenga kidogo, nikarudi kwenye mashine. Ngano haisubiri.

Hasemi na mimi. Nimechoka kuongea na mlango.

Nimeamua. Nampeleka kuona bahari. Mtu akiona meli lazima afungue mdomo.

Jumapili, 5 Oktoba
Tumati. Baridi. Mama mkwe kakataa. Nimempa shikamoo yangu vizuri, nimeinama na kichwa. Akaanza, "Marahaba, Baba..." halafu akameza lililobaki. Zamani alikuwa ananiita kwa jina la mtoto.

Akasema muda wa Paskalina haujaisha, utamvushaje mito? Nikamwambia, mama, mito yote siku hizi ina madaraja, mtu anapita juu kama ndege. Hakucheka.

Paskalina hakukataa, hakukubali. Alitoka na kikombe chake na sahani yake, kavifunga kwenye khanga. Amekonda. Nilitazama pembeni.

Jumanne, 7 Oktoba
Lori la ngano mpaka Arusha, basi mpaka Dar. Kila daraja anafumba macho. Daraja la mto Wami alinishika mkono, kucha zikaingia. Nilifurahi kushikwa. Mjinga mimi.

Hakula chochote njiani.

Jumatano, 8 Oktoba
Tuko Magomeni kwa rafiki yangu Shabani. Kwao Katesh, wana duka pale tangu baba yake, na mimi ndiye niliyemfundisha kuendesha gari. Anabisha.

Mke wake, Mama Zuhura, kapika pilau ya harusi kabisa. Paskalina kakaa mlangoni na kikombe chake kitupu mkononi. Mama Zuhura kaniangalia mimi. "Shemeji, pilau yangu ina sumu?"

Nimedanganya, nimesema tumbo linamsumbua. Halafu nimekula sahani mbili kwa niaba yake. Pilau tamu.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimemtembeza. Ghorofa, nikamwambia ile ya juu kabisa nilishawahi kupanda (sijawahi). Mnara wa saa. Kariakoo, watu kama siafu. Bandarini tumeona meli ndefu kuliko kijiji, ina nyumba juu yake, ina dirisha na pazia! Nikasema Paska, hii ndiyo inaleta vipuri vyangu, nahodha tunafahamiana. Akaitazama kama anavyotazama ukuta.

Pantoni ya Kigamboni kakataa kuingia. Kasimama katikati ya njia. Watu nyuma wanapiga kelele. "Mzee, mkeo kagoma, mpe rushwa!" Nikacheka nao. Nikamvuta mkono. Akakaa chini kwenye vumbi, kikombe kifuani.

Nimecheka nao. Siwezi kulala.

Ijumaa, 10 Oktoba
Kaanguka Kariakoo, mbele ya muuza ndoo. Nimembeba mgongoni. Mwepesi. Mfuko wa mbegu una uzito kuliko mke wangu.

Nesi wa zahanati kafoka: mwili hauna maji, unamnyima nini mkeo, baba? Mimi! Mimi ninayegawa mshahara mpaka kwa watoto wa jirani!

Maji ya nesi kakataa. Ni maji ya watu.

Nimeenda barabarani nimenunua dafu. Nikalikata mbele yake. Nikamwambia, hili hakuna aliyelichota, Mungu kalifunga mwenyewe huko juu, na shimo la kuingilia hakuna. Kalitazama sana. Kamimina kwenye kikombe chake. Kanywa. Kanywa la pili, kamenya na ndizi mwenyewe.

Halafu kasema. Neno la kwanza tangu msiba. "Nirudishe."

Madafu na ndizi. Hataishi kwa madafu na ndizi. Na nikimrudisha, yale madaraja tena, halafu kibanda, halafu atanifia kule nikiwa kwenye mashine. Nimemtoa kabla ya muda, mimi mjuaji. Naogopa. Naandika naogopa.

Jumamosi, 11 Oktoba
Shabani anapeleka sabuni Bagamoyo kwa gari lake. Kasema twendeni, upepo utamsaidia. Sina akili nyingine, nimekubali.

Mji mdogo, milango ya kuchongwa, nyumba za zamani zimeota miti. Sikueleza kitu.

Asubuhi maji yalikuwa yamekwenda mbali. Wanawake walikuwa wanachokoa kombe kwenye mchanga. Paskalina alisimama palepale pakavu. Nikakaa karibu yake nikavua viatu, nikaanza kulia. Mwanaume mzima. Sikujificha.

Akaniangalia. Akamwita mwanamke mmoja. "Shikamoo mama. Haya maji mnayachota?"

"Marahaba. Tuyachote ya nini? Bahari hii, mwanangu! Chumvi tupu. Mtu hanywi, ng'ombe hanywi."

"Hakuna kabisa anayepikia?"

"Labda kama ana ugomvi na mumewe." Wenzake wakacheka.

Paskalina akachovya kidole, akaramba. Akatema. Akasema, "Kama Balangida." Lile ziwa letu la magadi. Akageuka kwangu. "Basi haya hayana mwenyewe. Siwezi kumharibia mtu."

Akaweka kikombe na sahani mchangani. Akaingia na nguo zake. Magoti, kiuno, kifua. Mimi kuogelea sijui, nilishawadanganya wote kule shambani. Nikaingia hivyohivyo. Akajiosha maziwa, akajiosha uso, halafu akaita kwa sauti ambayo sijaisikia toka kwa binadamu. Tluway! Tluway!

Ndilo jina la mtoto wetu. Kwa Kiiraqw ni mvua, alizaliwa ikinyesha. Nikaita na mimi. Wale wanawake wakaacha kazi yao, wakasimama mpaka tulipotoka.

Mchana kanitumia kununua sufuria mpya. Kawasha moto wake mwenyewe nyuma ya gari la Shabani, kapika wali kwa maji ya madafu. Wali mtamu kama uji wa mtoto. Kala. Shabani kaonja kwa macho tu. Nimemwambia mwambie Mama Zuhura pilau yake haikuwa na sumu, nitamweleza mwenyewe.

Jumapili, 19 Oktoba
Tumati. Kamuomba mama yake msamaha kwa yale madaraja, nami nimeomba. Kesho wazee wanakuja kuombea njia tuliyopita. Kondoo natoa mimi, mnene.

Karudi kwenye kibanda. Mwenyewe kataka. Anasema atamaliza muda wake vizuri, asidaiwe na mvua. Safari hii na mimi nimejitenga, nina kikombe changu. Shamba wameniongezea likizo.

Jioni nimekaa nje ya mlango wake. Ukungu umeshuka. Nilikuwa nachonga fimbo.

Ndani akasema, "Baba Tluway."

"Naam."

"Ile meli. Pazia lilikuwa la rangi gani?"

Sikumbuki. Nimemwambia la kijani.