Mama, Uchorwe Mguu Wako

Shikamoo Mama,

Jana nilizunguka vijiji vya Endasak kwa miguu, na leo nimeingia soko la Katesh nikichechemea. Fundi viatu akanisimamisha juu ya kipande cha boksi, akauchora mguu wangu kwa penseli. Alipofika kwenye nundu ya kidole gumba akauliza, "Mama yako naye anayo?"

Nikakukumbuka kanisani, unavyovua chini ya benchi viatu vyembamba nilivyokuletea, na Jumapili inayofuata unavivaa tena.

Fundi anasema kiatu kipana hakiondoi nundu, ila kinapunguza maumivu. Simama juu ya gazeti jioni, mguu ukiwa umevimba, uchorwe, unitumie mchoro huo fundi akushonee viatu vipana.

Vile vyembamba viache, Mama. Sitanuna.

Mwanao akupendaye,
Neema